Mume kaapa mahakamani anapata laki nne na nusu tu. Hela za tipu nazithibitishaje? (Arusha)

#1 MamaJunia_Moshono

Habari za jioni wadau, naenda kwenye mada maana nimechoka.

Nina ndoa ya miaka 11, watoto wawili, mkubwa darasa la nne mdogo chekechea. Mume wangu ni dereva gaidi hapa Arusha, anapeleka wageni Serengeti, Ngorongoro, Tarangire na kwingine huko. Mwaka jana alihama nyumbani akapanga Njiro, tukaitwa baraza la kata mara tatu ikashindikana wakatupa ile fomu ya kwamba usuluhishi umeshindikana, saa hii tupo mahakama ya mwanzo. Nimeomba talaka, mgawanyo wa mali na matunzo ya watoto.

Sasa wiki iliyopita jamaa kasimama pale, kaapa na Biblia mkononi, katoa slipu ya mshahara ya kampuni: laki nne na nusu. Anasema akitoa kodi na nauli anaweza kubaki na elfu 80 ya watoto kwa mwezi. Elfu themanini watoto wawili! Mimi huyu mtu nimelala naye miaka 11. Akirudi porini anavua buti, kwenye soksi ya kushoto inatoka bahasha, tunakaa kitandani tunahesabu dola, zile za zamani za kichwa kidogo anaziweka pembeni maana ukizipeleka kubadilisha wanakukata bei. Kuna safari moja alirudi na dola 380 za tipu peke yake. Leo mbele ya hakimu anasema tipu ni zawadi siyo kipato na wazungu wa siku hizi hawatoi.

Hiace yetu inayopiga ruti ya Kwa Mrombo, kadi ina jina la mdogo wake. Kiwanja cha Ngaramtoni, ambacho mafundi walikula ugali niliobeba mimi kwenye ndoo, kumbe karatasi ya kwa mtendaji ina jina la mama yake. Mimi ni fundi cherehani tu, nashonea nyumbani, sina slipu wala nini.

Hakimu kaniuliza ushahidi wako nini, nikabaki nasema mheshimiwa mimi najua tu. Tunarudi tarehe 19. Nifanyeje? Na hivi mtu anafichaje hela watoto wake mwenyewe, hilo ndo silielewi kabisa.

#2 Chalii_wa_UngaLtd

Mume wako ni GAIDI na anaingia Serengeti na wageni?? Dada andika vizuri bana nilishaanza kupiga 112

#3 MamaJunia_Moshono

Hahaa jamani, mwongoza watalii. Nimeshacheka leo mara ya kwanza.

#4 Mpishi_wa_Loshoro

Naweka mkeka hapa, nina shemeji yangu anapitia hayo hayo.

#5 WakiliWaKijiweni

Dada usijichoshe. Sheria iko wazi, mali zote zinapasuliwa katikati, nusu kwa nusu, awe ameonyesha au hajaonyesha. Halafu nenda TRA na namba yake ya TIN wakuchapishie kipato chake chote, peleka kwa hakimu, kazi imeisha. Watu wanapenda kuzungusha vitu vidogo.

#6 KaraniMstaafu

Bwana #5 umeandika mistari michache lakini makosa umejaza gunia. Nimekaa masjala za mahakama zaidi ya miaka ishirini, Moshi na Arusha, ngoja nimsaidie huyu mama kabla hajapoteza nauli.

Kwanza hakuna mahali Sheria ya Ndoa ya 1971 imesema nusu kwa nusu moja kwa moja. Kifungu cha 114 kinasema mahakama iangalie mchango wa kila mmoja, kwa hela, kwa mali au kwa kazi, iangalie na madeni, iangalie na mahitaji ya watoto, halafu ndo ielekee kwenye usawa. "Kuelekea" siyo "kufika". Na Mahakama ya Rufani mwaka 2020, kesi ya Gabriel Nimrod Kurwijila, walisisitiza kwamba kiasi cha mchango kinathibitishwa kwa ushahidi, hakikisiwi.

Pili TRA hawakupi taarifa za mtu mwingine hata ulie machozi ya damu, wanabanwa na sheria kutunza siri za mlipakodi. Njia yake ni mahakama. Unamwomba hakimu atoe wito au amri, kwa benki, kwa mwajiri, kwa kampuni ya simu, walete kumbukumbu fulani za tarehe fulani mpaka tarehe fulani. Usiombe "taarifa zake zote", utakataliwa. Taja benki, taja tawi, taja namba ya simu inayopokea hela.

Tatu, mama, unachanganya vitu viwili na wengi wanachanganya. Mgawanyo unaangalia MALI, ipo au haipo, ilichumwa na nani. Matunzo yanaangalia KIPATO na uwezo. Ushahidi wake haufanani. Hiace inaweza kukushinda kwenye mgawanyo kwa sababu ya jina lakini ikakusaidia sana kwenye matunzo, kama utaonyesha kwamba hesabu ya kila siku inaingia mfukoni kwake.

#7 WakiliWaKijiweni

Sawa mzee wa masjala. Lakini Bi Hawa Mohamed alishinda mwaka 1983, kazi za nyumbani zikahesabiwa mchango, hiyo huwezi kuikataa.

#8 KaraniMstaafu

Siikatai, Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif ndo kesi mama. Ila umeisoma mpaka mwisho? Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango, hiyo ndo faida wanayokula wanawake wote mpaka leo. Bi Hawa mwenyewe aliondoka mikono mitupu. Mume alishampa hela za mradi wa familia na yeye hakuzitumia inavyotakiwa, ikaonekana hilo limekula mchango wake. Kwa hiyo alishinda hoja akakosa mali. Watu mnanukuu ukurasa wa kwanza tu.

#9 Simba_wa_Naabi

Naombeni nafasi na mimi ni dereva huko huko porini mwaka wa 14, msinitukane kwanza mnisikilize.

Dada anasema dola 380, sawa, mimi nishawahi kupata zaidi ya hizo. Nishawahi pia kukaa siku sita na familia ya watu watano nikawaonyesha chui mara mbili, siku ya mwisho wakanipa kofia na dola 20. Kofia yenyewe imeandikwa jina la chuo. Tipu haina mkataba. Halafu hizo bahasha zina matundu: unampa mpishi, unamkumbuka jamaa wa ofisini aliyekupangia safari maana usipomkumbuka msimu ujao unakaa kijiweni unaangalia wenzako wanapakia. Na msimu ukilala, Aprili na Mei mvua zikipiga, kuna wiki sita unaishi kwa kukopa dukani. Kwa hiyo mtu akichukua dola 380 akazidisha mara safari nne mara miezi 12 anakuwa amehesabu mbuzi ambao hawajazaliwa.

Sisemi jamaa anasema ukweli. Elfu 80 ni matusi kwa kweli, mimi mwenyewe mwanangu mmoja kwa mwezi anapita hapo. Nasema tu hakimu akiwa hajawahi kukaa kwenye hii kazi anaweza akampa mtu namba ambayo Mei haiwezekani.

#10 Mama_Sakina2

#9 hiyo ya Mei ndo walitumia kwangu pia, wanaume mna mwezi mmoja tu kwenye kalenda nyie. Julai mpaka Oktoba mnazitaja lini?

MamaJunia ngoja nikwambie mimi nilifanyaje. Wangu alikuwa na duka la vipuri, mahakamani akasema duka limekufa, akaleta na picha rafu ziko tupu. Mimi sikuhangaika kumfuata anaingiza nini. Nilikaa chini na daftari la mistari la mtoto nikaandika ALITUMIA nini. Ada za mihula yote, bahati nzuri shule yetu unalipa benki na ile karatasi ya kuwekea hela inakuwa na jina la aliyeweka, jina lake hilo na mwandiko wake huo. Luku ya nyumbani. Kodi ya fremu, mwenye fremu mwenyewe alikubali kuja kusema analipwa miezi sita sita. Ubatizo wa mtoto, risiti ya ukumbi. Mchango wa harusi ya dada yake, kadi ya ahadi ilikuwa bado imebanwa kwenye friji, laki tano. Nikajumlisha, ikatoka zaidi ya mara tatu ya kile alichosema anapata kwa mwaka mzima.

Hakimu alimuuliza swali moja tu, "wewe mwenye duka lililokufa hizi ulilipa na nini". Akajibu mkopo. Mkopo wa nani, kimya. Sikupata nilichoomba, nilipata kama nusu yake, lakini elfu 60 aliyokuja nayo ilizikwa siku ile.

#11 Apolo_Mstaafu

Mimi nitasema ukweli mnichape mkimaliza. Mwaka 2009 nilikuwa Mererani kwenye migodi ya tanzanite, mwanaapolo, yaani mchimbaji, na mimi nilificha.

Mgodini huna slipu, unakula chakula cha tajiri unasubiri uzalishaji. Miezi 14 sikutuma kitu nyumbani kwa sababu sikuwa na kitu, mke akaenda ustawi wa jamii. Nikaitwa nikasema sina, ilikuwa kweli. Wiki tatu baadaye tukatoa mawe, mgao wangu ulikuwa milioni sita na laki kadhaa. Unadhani nilirudi ustawi kusema jamani nimepata? Niliweka kwa rafiki yangu. Nikawa nampa mama watoto elfu kumi kumi kama mtu anayebangaiza. Sababu ilikuwa woga. Nilijua nikisema sita watanipangia matunzo ya sita, halafu miezi 14 mingine sina kitu. Na yule rafiki naye, hadithi ndefu, hela ile mimi sikuila yote.

Kwa hiyo dada swali lako la mwisho, kwa nini mtu afiche, majibu mengine hayana mwanamke mwingine ndani yake.

#12 Shangazi_Pasua

Apolo umejisafisha vizuri mpaka nimetaka kukupa soda. Milioni sita mwaka 2009 zikaliwa na rafiki huku watoto wanapewa elfu kumi, unaita woga. Sisi Pasua tunaita jina lingine.

Siku hizi kuna ukuta kuzunguka migodi kule lakini ukuta unazuia mawe kutoka, hauzuii mume kutoroka na hela.

#13 WakiliWaKijiweni

Njia rahisi, chukua simu yake akiwa amelala au akija kuona watoto, ingia kwenye M-Pesa piga picha miamala yote. Namba ya siri wake wote wanazijua.

#14 KaraniMstaafu

Mama usifanye hivyo. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kuingia kwenye simu au akaunti ya mtu bila ruhusa ni kosa la jinai, na siku hizi kuna sheria ya taarifa binafsi ya 2022 pia. Utaingia mahakamani mlalamikaji utoke mshitakiwa. Mnayoyaona wenyewe yanatosha: meseji alizokutumia WEWE, miamala iliyoingia kwenye simu YAKO. Kama kwa miaka alikuwa anakutumia laki mbili na nusu kila mwisho wa mwezi na leo anasema uwezo wake ni elfu 80, nenda dukani kwa kampuni ya simu na kitambulisho chako wakupe taarifa ya akaunti yako mwenyewe. Hiyo ni halali na haina gharama ya kutisha.

Bwana kijiweni, kila ukiandika mimi napata kazi.

#15 WakiliWaKijiweni

Ndo nakuweka mjini mzee usichoke

#16 MzeeWaKibosho

Naona mnaongelea wanaume tu. Wanawake hamfichi?

Mke wangu alikuwa na meza ya mitumba Memorial pale Moshi. Kila siku jioni anasema leo biashara mbaya, mimi natoa hela ya mboga, natoa ya gesi, natoa ya ada. Tulipofikishana mahakamani mwaka 2021 ndo najua ana VICOBA vitatu, yaani vitatu, kimoja yeye ndo mweka hazina, na amejenga vyumba vinne vya kupangisha kwao Rombo. Aliulizwa akasema ni vya baba yake. Baba yake alifariki 2015 na bati ni jipya linang'aa mpaka linaumiza macho.

Mimi nilipoteza hiyo hoja kwa sababu sikuwa na hata karatasi moja. Kwa hiyo na mimi naungana na dada ingawa tuko timu tofauti.

#17 Shangazi_Pasua

Mzee pole. Lakini jiulize, kama ungekuwa unajua meza ina hela, ungeendelea kutoa ya ada? Wanawake wengi tunaficha kwa sababu siku mume akijua una laki tatu, ndo siku anaacha kununua unga. Mama yangu alikuwa anaficha hela ndani ya debe la mbege, juu ya ulezi, na sisi wote tumesoma kwa debe hilo. Baba alikufa hajui.

#18 MzeeWaKibosho

Alijua. Sisi tunajuaga tunakaa kimya.

#19 Binti_wa_Machame

Nitoe ya kwangu kuhusu mali kuandikwa jina la mama mkwe maana hapo ndo nilianguka.

Tulijenga kwenye kihamba cha kwao, nyumba ya vyumba vitatu, mimi nilikuwa nafundisha nikachukua mkopo wa mshahara miaka minne nikanunua mbao na bati. Kwenye kesi upande wao wakasema kihamba ni cha ukoo, haki ya ukoo, mimi ni wa kupita. Kilichoniokoa ni kwamba sheria inasema hata mali ambayo mwenzako alikuwa nayo kabla ya ndoa, ikiendelezwa sana na wewe au kwa jasho la wote, inaingia kwenye kuhesabiwa. Ardhi sikuigusa na sikuitaka, nani anataka kuishi katikati ya mashemeji. Nilidai thamani ya nyumba. Karatasi za mkopo zilikuwepo, tarehe ya mkopo na tarehe ya risiti ya bati zinafuatana siku nne.

Kwa MamaJunia hali ni tofauti kidogo, kiwanja kimenunuliwa ndani ya ndoa kwa jina la mama. Hapo itabidi uthibitishe hela imetoka kwa mumeo. Aliyeuza yupo? Mashahidi waliosaini kwa mtendaji? Nani alihesabu hela mezani siku ile? Kwa sababu ile siyo ya hati, ukienda kufanya upekuzi kwa msajili wa hati hutakuta chochote, majibu yote yako kwenye kile kidaftari cha mtendaji na vichwani mwa watu.

#20 KaraniMstaafu

Binti wa Machame kasema vizuri sana. Niongeze dogo: mama mkwe na huyo shemeji wa Hiace lazima waitwe na wao wasikilizwe, mahakama haiwezi kugawa kitu chenye jina la mtu ambaye hajapewa nafasi ya kusema. Watu wanashinda huku chini halafu rufaa inakuja kufuta kila kitu kwa sababu hiyo tu. Na kama nyumba mnayokaa Moshono ni ya ndoa hata kama ina jina lake peke yake, hawezi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa yako, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa. Weka zuio mapema. Mahakama pia ina uwezo wa kutengua mauzo au zawadi iliyofanywa ili kukwepa matunzo, lakini ni rahisi kuzuia kuliko kutengua.

#21 Chalii_wa_UngaLtd

Mimi ni konda Hiace za Kwa Mrombo ruti ile ile. Sitaji gari maana mjini hapa ni padogo. Dada hesabu ya Hiace jioni inapelekwa kwa mtu, haipelekwi kwa kadi. Dereva wa gari lenu anajua anamtumia nani kila siku saa mbili usiku, na simu yake inajua. Mwite dereva. Akikataa mwombe hakimu amwite. Tairi zikiisha anampigia nani, trafiki akikamata anampigia nani, huyo ndo mwenye gari.

#22 Simba_wa_Naabi

Konda umeongea point nzito kuliko wakili.

#23 Mpishi_wa_Loshoro

Wakili wa kijiweni huyo siyo wakili, msiwaonee mawakili.

Ila mi bado naona jibu la "kwa nini" ni mwanamke. Mtu kahamia Njiro, kodi ya Njiro mnaijua, kwa laki nne na nusu unapanga Njiro? Kuna mtu pale.

#24 Mama_Sakina2

Mi nasema ni mama. Mali zote ziko jina la mama na mdogo mtu, angekuwa na mwanamke angeandika jina la mwanamke. Familia nyingi huku zinamwona mke kama mgeni wa muda mrefu.

#25 Apolo_Mstaafu

Au anadaiwa. Mtu mwenye madeni anaficha kila mtu, siyo mke tu. Anaandika mali jina la mama ili wenye hela yao wasizikamate, mke anakuja kuumia katikati. Nimewaona wengi sana. Mulizeni dada kama kuna watu walikuwa wanapiga simu usiku.

#26 MamaJunia_Moshono

Jamani asanteni, nimesoma zote. Kuhusu simu za usiku, ndiyo Apolo, zilikuwepo, alikuwa anatoka nje kupokea. Mimi nikajua mwanamke. Sasa umenichanganya.

Nimeenda leo kuchukua taarifa ya simu yangu. Mwaka juzi peke yake kanitumia milioni tatu na laki tisa za matumizi ya nyumbani, hiyo ni bila ada. Nimetafuta na karatasi za benki za ada, nimepata tano kati ya saba, mbili zimeliwa na panya, kweli kabisa siongopi, moja imebaki kona yenye muhuri.

#27 Shangazi_Pasua

Panya naye yuko upande wa mume

#28 KaraniMstaafu

Zilizoliwa shule wanazo kwenye leja. Omba barua kwa mhasibu. Zipange kwa tarehe, toa nakala mbili mbili, uende na halisi mkononi.

#29 Mlima_Meru_View

Wazee nimechelewa, nina swali pembeni kidogo, hivi ni kweli zamani matunzo ya mtoto wa nje yalikuwa shilingi 100 kwa mwezi? Baba yangu mdogo anabisha kwamba bado ndo sheria na ametoa mia yake juzi kwa dharau.

#30 KaraniMstaafu

Ilikuwa kweli, ile sheria ya wakoloni ya watoto wa nje ya ndoa. Sheria ya Mtoto ya 2009 imeifuta. Sasa hivi hakimu anaangalia kipato na mali za wazazi wote WAWILI, gharama za maisha za pale mtoto anapoishi, na watoto wengine ambao mzazi anawalea. Mwambie baba mdogo mia yake anunulie big jii, kama bado inapatikana kwa mia.

#31 MzeeWaKibosho

Hapo "wazazi wote wawili" paandikwe kwa wino mwekundu.

#32 Simba_wa_Naabi

MamaJunia ushauri wangu kama mtu wa kazi hiyo hiyo: usiende na hesabu ya tipu, atakushinda, hakuna mtu anaandika tipu. Omba kampuni walete orodha ya safari alizoendesha kwa mwaka, zile wanazo lazima maana gari ikiingia hifadhini inalipiwa na ina kumbukumbu. Posho ya safari ipo pia nje ya mshahara, kampuni nyingi wanampa dereva mkononi kabla hajatoka na anasaini. Hiyo haipo kwenye slipu. Usiseme umeambiwa na mimi.

#33 Chalii_wa_UngaLtd

Umeshasema mbele ya Tanzania nzima bro

#34 MamaJunia_Moshono

MREJESHO wa tarehe 19.

Nimetoka muda si mrefu, mikono bado inatetemeka. Nilipeleka taarifa ya simu, karatasi tano za benki na barua ya shule. Hakimu akazipitia moja moja, ukumbi kimya, feni tu inalia. Akamuuliza, ada ya mwaka juzi ni milioni moja na laki nane, na hapa mkeo anatumiwa karibu milioni nne, jumla inazidi mshahara wako wote wa mwaka, wewe ulikuwa unakula nini? Akasema nilikuwa nakopa. Kwa nani? Kwa mama yangu. Na Hiace? Hiace ni ya mdogo wangu, na yeye alikopeshwa na mama. Shilingi ngapi? Milioni 17.

Hakimu akauliza mama yako anafanya shughuli gani. Akasema anafuga. Ng'ombe wangapi? Akanyamaza kidogo, akasema mmoja, anatoa lita nne.

Watu waliokaa benchi la nyuma walicheka mpaka karani akagonga meza. Mama mkwe na shemeji wameandikiwa wito, na kampuni wameandikiwa walete orodha ya safari na posho. Tunarudi mwezi ujao. Kwa sasa mume ameamriwa atoe laki mbili na nusu kwa mwezi wakati shauri linaendelea. Ada bado.

Ila tulivyotoka nje mama mkwe kanipigia analia. Anasema hizo karatasi alisaini bila kusoma, aliambiwa ni za bima ya afya. Sasa sijui nimwamini.

#35 Mama_Sakina2

Hongera mama! Na usimwamini.

#36 Binti_wa_Machame

Mi ningemwamini kidogo. Bibi wa huku akiletewa karatasi na mtoto wake wa kiume anasaini tu, hata hatafuti miwani.

#37 Apolo_Mstaafu

Nimepiga hesabu. Lita nne kwa 1,500 ni elfu sita kwa siku. Milioni 17 hapo ni karibu miaka minane, ng'ombe hajakauka hata siku moja, ndama hajanyonya na bibi hajanywa chai ya maziwa.

#38 WakiliWaKijiweni

Unasahau mbolea. Mbolea nayo inauzwa.

#39 Simba_wa_Naabi

Mi nasema anadaiwa, Apolo yuko sahihi. Mtu mwenye hela haongopi vibaya namna hiyo.

#40 Mpishi_wa_Loshoro

Mwanamke. Subirini mwezi ujao.

#41 MzeeWaKibosho

Mimi hayo yote naachia mahakama. Huyo ng'ombe akipata ndama jike naomba niwekewe oda.